Pasteur, medali na chupa ya mvinyo

Kila Desemba inapokaribia, maduka ya vileo mjini Busia, upande wa Kenya na upande wa Uganda, hujaza rafu zake mvinyo kutoka Afrika Kusini, Chile, Uhispania na Ufaransa. Hapa kwetu mvinyo si kinywaji cha kila siku. Hununuliwa kwa ajili ya harusi, kipaimara au kumpelekea mkwe. Mnunuzi mwenyewe aghalabu hayajui majina yale ya kigeni, na kwa hivyo macho yake hukimbilia kibandiko cha mviringo chenye rangi ya dhahabu kinachotangaza kwamba mvinyo huo ulishinda medali katika mashindano fulani ng'ambo. Muuzaji naye hakosi kukigusa kwa kidole. Chupa yenye medali ina bei yake, na mtu aliyeuza magunia mawili ya mahindi ili amfurahishe mkwe hulipa bila kunung'unika.

Je, anastahili kulipa? Swali hilo nimeulizwa mara nyingi, pengine kwa sababu mimi ni mwalimu wa sayansi na watu wa mtaani huamini kwamba mwalimu wa sayansi anajua kila kitu kilicho ndani ya chupa. Badala ya kujibu moja kwa moja, ningependa kusimulia maisha ya mtu ambaye jina lake liko kwenye pakiti za maziwa pande zote mbili za mpaka, ingawa wengi hawajui kwamba kabla ya maziwa alishughulikia mvinyo. Mtu huyo ni Louis Pasteur, mwanasayansi Mfaransa aliyefariki mwaka wa 1895.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake, Jean-Joseph, alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Kabla ya hapo alikuwa askari wa Mfalme Napoleon, akapigana Uhispania na hatimaye akapewa nishani ya Legion of Honour kwa ushujaa wake. Napoleon alipoanguka, askari huyo alirudi kwenye mashimo ya kulowekea ngozi, lakini siku za Jumapili alivaa koti lake safi lenye utepe wa nishani hiyo kifuani na kutembea barabarani. Mtoto Louis alikua akiutazama utepe huo. Huenda ndiyo sababu maisha yake yote alizichukulia tuzo kwa uzito mkubwa, wakati mwingine kuliko inavyofaa.

Familia ilihamia Arbois, mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mizabibu. Shuleni Louis hakuwa nyota. Alijulikana zaidi kwa kuchora picha za majirani, na picha hizo zilikuwa nzuri kwelikweli. Alipofanya mtihani wa shahada ya awali ya sayansi mwaka wa 1842 mjini Dijon, watahini walimwandikia kwamba katika kemia alikuwa wa kiwango cha kati tu. Naam, kemia! Mwaka huohuo alifaulu kujiunga na chuo mashuhuri cha ualimu cha École Normale mjini Paris, lakini nafasi aliyoipata katika orodha haikumridhisha, akakataa kuingia. Alirudi kusoma mwaka mzima, akafanya mtihani upya na safari hii akawa miongoni mwa watano wa kwanza.

Habari hiyo ya mtihani wa kemia hunigusa. Mimi nilivuka mpaka wa Malaba nikiwa mtoto, wazazi wangu wakikimbia vita vya Uganda vya miaka ya themanini, na elimu yangu yote ya msingi na ya sekondari niliipata Kenya, kwa Kiswahili na Kiingereza cha Kenya. Niliporejea nyumbani na cheti changu cha KCSE mkononi, kuna ofisi moja iliyonizungusha karibu mwaka mzima kwa sababu muhuri wa karatasi ile haukuwa ule walioujua. Hakuna aliyeniomba niingie darasani nifundishe hata kipindi kimoja waone. Muhuri ndio uliokuwa mwalimu, mimi nilikuwa bahasha.

Lakini turudi kwa Pasteur. Ugunduzi wake wa kwanza mkubwa ulitokana na mvinyo, au tuseme na uchafu wa mvinyo. Ndani ya mapipa ya kuhifadhia mvinyo hujengeka ukoko mgumu ambao wanakemia hutolea asidi iitwayo tartariki. Kulikuwa na asidi nyingine iliyofanana nayo kwa kila hali isipokuwa jinsi ilivyoupitisha mwanga, na wataalamu walishindwa kueleza tofauti hiyo. Mwaka wa 1848, akiwa na umri wa miaka 25, Pasteur alitumia hadubini na kibano kuzitenga chembe za chumvi ya asidi hiyo ya pili, moja baada ya nyingine, akagundua kwamba zilikuwa za aina mbili, moja ikiwa kama taswira ya nyingine katika kioo, mithili ya mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa kazi hiyo chama cha wanafamasia wa Paris kilimpa mwaka wa 1853 zawadi ya faranga 1,500, na sehemu ya pesa hizo alinunulia vifaa vya maabara. Miaka mitatu baadaye Uingereza ilimpa medali ya Rumford.

Mwaka wa 1849 alimwoa Marie Laurent, binti wa mkuu wa chuo huko Strasbourg. Bibi huyo alikuwa mke, katibu na msaidizi wake. Jioni alikuwa akiandika yale mumewe aliyoyasema, kisha siku ya pili akinakili tena kwa hati safi.

Mwaka wa 1854 Pasteur alihamishiwa Lille, mji wa viwanda kaskazini mwa Ufaransa. Huko mwaka wa 1856 mwenye kiwanda kimoja cha kutengeneza pombe kutokana na viazisukari, Bwana Bigo, alimjia akilia kwamba mapipa yake yanaharibika. Pasteur alichukua sampuli na kuzitazama kwa hadubini. Katika mapipa mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika mapipa yaliyoharibika aliona vitu vingine vyembamba kama vijiti, vinavyocheza. Wakati huo wanakemia wakubwa wa Ulaya waliamini kwamba kuchachuka ni jambo la kemia tupu, kitu kama kutu ya chuma. Pasteur alisema sivyo. Kuchachuka ni kazi ya viumbe hai, na kila aina ya kiumbe hufanya kazi yake. Hamira ikitawala, unapata pombe. Vijidudu vingine vikitawala, unapata maziwa mgando au siki.

Mama wa Kiteso anayepika ajono huko Tororo au Amagoro hahitaji kuelezwa hayo kwa muda mrefu. Yeye anajua kwamba wimbi likiota vibaya, au mtungi usiposuguliwa sawasawa, au mtu akichota kwa kibuyu kichafu, kinywaji kitageuka kichungu na wazee watatoa mirija yao wahamie boma la jirani. Tofauti ni kwamba Pasteur alimwona mkosaji kwa macho.

Basi mwaka wa 1863 Mfalme Napoleon wa Tatu aliagiza mwanasayansi huyo achunguze magonjwa ya mvinyo. Ufaransa ilikuwa imetia saini mkataba wa biashara na Uingereza mwaka wa 1860 na ilitarajia kuuza mvinyo kwa wingi. Lakini malalamiko yalizidi. Mvinyo uliotoka ukiwa mzuri ulifika ukiwa siki, au mchungu, au umekuwa mzito unaovutika kama ute wa bamia. Aibu ilikuwa kubwa kwa sababu miaka michache tu kabla ya hapo, katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka wa 1855, mvinyo wa Bordeaux ulikuwa umepangwa katika madaraja matano yaliyotangazwa kote duniani.

Madaraja hayo ya 1855 yanastahili kusimuliwa kidogo. Watu wengi hudhani kwamba walioyapanga waliketi wakaonja mvinyo mmoja mmoja. La. Yalipangwa na madalali wa Bordeaux, na kigezo chao kikuu kilikuwa bei ambayo kila shamba lilikuwa limezoea kulipwa sokoni. Aliyekuwa akiuza ghali aliwekwa daraja la kwanza, na kwa kuwekwa daraja la kwanza aliendelea kuuza ghali. Orodha hiyo inatumika hadi leo. Tangu wakati ule shamba moja tu, Mouton Rothschild, limepandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza, na hilo lilitendeka mwaka wa 1973 baada ya mwenyewe kupigania jambo hilo kwa miongo kadhaa.

Pasteur alirudi Arbois, mji wa utoto wake, akapangisha ukumbi uliokuwa mkahawa na kuugeuza maabara mwaka wa 1864. Vifaa vilitengenezwa na mafundi wa papo hapo. Watu wa mji walikuwa wakipita na kuchungulia mlangoni wakidhani wataagiza kinywaji, wakakuta vijana wa Paris wameinama juu ya hadubini. Wakulima walimletea chupa zao nzuri na mbovu. Pasteur aliweza kutazama tone moja kwa hadubini na kusema ni ugonjwa gani ulioingia, bila kuonja. Aligundua kwamba kila ugonjwa wa mvinyo ulikuwa na kijidudu chake. Kilichobaki ni kukiua bila kuuua mvinyo wenyewe.

Alijaribu dawa mbalimbali, zikashindwa. Halafu akajaribu moto. Aligundua kwamba mvinyo uliopashwa hadi kati ya nyuzi 50 na 60 za Selsiasi kwa muda mfupi, ukiwa umefungwa, haukuharibika tena hata ukikaa miaka. Mwaka wa 1865 aliandikisha hakimiliki ya njia hiyo, kisha akaiacha itumiwe na umma bure. Hapa lazima haki itendeke. Mfaransa mwingine, Nicolas Appert, alikuwa amehifadhi vyakula kwa moto mapema katika karne hiyohiyo, na mwenye mashamba wa Burgundy, Vergnette de Lamotte, alidai kwamba wazo hilo la kupasha mvinyo lilikuwa lake. Wajapani nao walikuwa wakipasha pombe yao ya mchele karne kadhaa kabla ya Pasteur kuzaliwa. Alichoongeza yeye ni sababu. Alieleza ni nini kinachouawa na kwa nini. Hata hivyo, hakuwa mtu mwepesi wa kugawana sifa, na ugomvi wake na Vergnette de Lamotte ulikuwa mkali.

Sasa ndipo tunapofika kwenye jambo linalomhusu mnunuzi wa Busia. Wafanyabiashara wa mvinyo walipinga njia ya moto. Walisema mvinyo uliopashwa hupoteza ladha, na kwamba ulimi wao uliozoea ungeutambua mara moja. Pasteur hakubishana nao kwa maneno. Aliomba iundwe kamati ya wafanyabiashara wa Paris, watu walioishi kwa kuonja, akawapangia gilasi mbili mbili, moja yenye mvinyo uliopashwa na nyingine wenye mvinyo uleule ambao haukupashwa, bila kuwaambia ni ipi. Tofauti walizoziona zilikuwa ndogo mno. Lakini Pasteur alishuku kitu. Aliona kwamba mtu akishaambiwa kuna gilasi mbili tofauti, ataona tofauti tu. Kwa hivyo siku moja, kimyakimya, aliwatilia katika gilasi zote mbili mvinyo kutoka chupa moja. Waonjaji wale mashuhuri walionja, wakatafakari, na bado wengine wakasema hii ni bora kuliko ile.

Kwa maoni yangu hilo ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi aliyowahi kuyafanya, ijapokuwa vitabu vya shule havilitaji. Halikuhitaji hadubini. Na halikuwa la kuwadhihaki wazee wale, maana hawakuwa waongo. Ulimi wa binadamu hausafiri peke yake. Huandamana na macho, sikio, njaa, bei na jina.

Zaidi ya miaka 140 baadaye, Mmarekani mmoja aitwaye Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huko California, alirudia jambo linalofanana na hilo. Alishangaa kwa nini mvinyo wake ulishinda dhahabu katika mashindano fulani na kuambulia patupu katika mengine. Katika mashindano ya jimbo la California aliruhusiwa kuwapa majaji mvinyo uleule mara tatu, kutoka chupa ileile, ukiwa umechanganywa na mingine. Matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2008. Takriban jaji mmoja tu kati ya kumi ndiye aliyeupa mvinyo huo alama zinazokaribiana kila mara. Wengine waliupa shaba, kisha dakika chache baadaye wakaupa dhahabu. Mwaka uliofuata alichapisha uchunguzi wa mashindano 13 nchini Marekani na kuonyesha kwamba mivinyo mingi iliyopata dhahabu katika mashindano mamoja haikupata chochote katika mengine.

Je, hiyo ina maana kwamba medali zote ni upuuzi? Sidhani. Mashindano mazuri yana kanuni. Shirika la kimataifa la mizabibu na mvinyo, OIV, hutaka mashindano yaliyo chini ya udhamini wake yasitoe medali kwa zaidi ya asilimia 30 ya mivinyo iliyoshindanishwa, na majaji huonja bila kuona jina. Mvinyo ulioharibika, wenye harufu ya siki au ya kizibo kibovu, ni nadra kupita mbele ya meza ya watu saba wenye uzoefu. Kwa hivyo kibandiko kinaweza kukuambia kwamba siku ile, huko, chupa ile haikuwa mbovu. Hilo si jambo dogo. Lakini mnunuzi ajue pia kwamba mvinyo hauchaguliwi kutoka ulimwengu mzima. Unaoshindana ni ule ambao mwenyewe ameulipia ada ya kuingia, na mashindano mengi humuuzia vibandiko mshindi ili abandike kwenye chupa zake. Asiyelipa haonjwi. Mama wa ajono hana kibandiko, na si kwa sababu alishindwa.

Kuna jambo jingine, na Pasteur ndiye aliyelithibitisha. Jeshi la majini la Ufaransa lilipakia katika meli iitwayo Jean-Bart mvinyo wa aina moja, nusu ukiwa umepashwa moto na nusu haukupashwa. Meli ilikaa baharini miezi kumi. Iliporudi, mvinyo uliopashwa ulikuwa mtamu na laini kama ulivyoondoka, na ule mwingine ulikuwa umeanza kuwa siki. Siku ya kuondoka bandarini, jaji yeyote angetoa medali ileile kwa yote miwili.

Sisi wa mpakani tunaelewa safari. Chupa inayouzwa Busia au Tororo imeshuka Mombasa, ikapanda lori, ikapita Nairobi, Nakuru na Eldoret, na pengine ikakaa katika foleni ya malori ya Malaba siku mbili juani chini ya turubai. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, kilichozinduliwa rasmi mwaka wa 2018, kimepunguza kusubiri, lakini hakijapunguza jua. Kisha chupa hiyo inasimamishwa wima kwenye dirisha la duka, mahali inapoonekana vizuri na inapochemka vizuri. Medali ilitolewa kabla ya yote hayo. Ningekuwa na pesa za chupa moja tu, ningetazama kwanza duka lenyewe: chupa zimewekwa wapi, kizibo kimesukumwa juu na joto au la, na kama mvinyo umevuja shingoni.

Na ningetazama stempu ya ushuru kabla ya kutazama dhahabu. Hapa si suala la ladha tena. Mwaka wa 2010 huko Kabale, Uganda, makumi ya watu walifariki baada ya kunywa waragi uliotiwa methanoli. Mwezi Mei 2014 msiba kama huo ulikumba kaunti kadhaa za Kenya, watu wakafa na wengine kupofuka. Methanoli haionekani kwa hadubini ya Pasteur wala haionjwi na ulimi wa jaji. Anayeweza kuchapisha lebo bandia anaweza pia kuchapisha medali bandia, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa hakuna mtu Busia anayejua medali ya kweli inafanana vipi. Stempu ya KRA au URA angalau inaweza kukaguliwa.

Pasteur mwenyewe hakuzichukia medali. Julai 1867, katika maonyesho mengine makubwa ya Paris, alipewa tuzo kuu kwa kazi yake ya mvinyo, akaipokea mbele ya Mfalme na umati mkubwa. Lakini miaka ile ilikuwa ya uchungu nyumbani. Binti yake Jeanne alikuwa amefariki kwa homa ya matumbo mwaka wa 1859. Baba yake, yule askari wa utepe, alifariki Juni 1865, na miezi michache baadaye akafariki Camille, mtoto wa miaka miwili. Mwaka wa 1866 Cécile, mwenye umri wa miaka 12, naye akachukuliwa na homa ya matumbo. Wakati huohuo serikali ilikuwa imemtuma kusini kuchunguza ugonjwa wa viwavi wa hariri, akawa anazika na kurudi kazini. Oktoba 1868, akiwa na umri wa miaka 45, alipigwa na kiharusi, na upande wake wa kushoto haukupona kabisa hadi kufa.

Mwaka wa 1870 vita vilizuka kati ya Ufaransa na Prussia, na Ufaransa ikashindwa vibaya. Pasteur alikuwa na shahada ya heshima ya udaktari aliyopewa na Chuo Kikuu cha Bonn. Mwaka wa 1871 aliirudisha, akitaka jina lake lifutwe. Sisi tuliokulia ugenini kwa sababu ya wanajeshi tunaweza kumwelewa, hata kama hatumsifu kwa hilo, kwa sababu wanasayansi wa Bonn hawakuwa wamefyatua bunduki. Aliamua pia kulipiza kisasi kwa njia ya ajabu. Wajerumani walikuwa mabingwa wa bia, naye akaapa kuiboresha bia ya Ufaransa. Ajabu zaidi ni kwamba bia hakuipenda hata kidogo. Alikwenda hadi kiwanda cha Whitbread mjini London, akaomba hadubini, akawaonyesha wenyeji wake uchafu uliokuwa katika hamira yao. Haukupita muda kiwanda kilinunua hadubini yake. Kitabu chake kuhusu bia kilitoka mwaka wa 1876, na viwanda vya bia kote duniani vinafuata mafunzo yake, pamoja na vile vya Ruaraka na Njeru.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapitia haraka. Mwaka wa 1881, katika kijiji cha Pouilly-le-Fort, aliwachanja kondoo dhidi ya kimeta hadharani, na waliochanjwa wakapona huku wasiochanjwa wakifa. Serikali ilipotaka kumpandisha hadi daraja la juu kabisa la Legion of Honour, alitaka kwanza wasaidizi wake wawili, Chamberland na Roux, wapewe utepe mwekundu. Walipewa. Tarehe 6 Julai 1885 alimtibu mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto huyo akaishi. Pesa zilichangwa kutoka nchi nyingi, na Novemba 1888 Taasisi ya Pasteur ikafunguliwa Paris.

Mwaka wa 1995, karne moja baada ya kifo chake, mwanahistoria Gerald Geison alichapisha uchunguzi wa madaftari yake ya siri. Ilidhihirika kwamba chanjo aliyoitumia Pouilly-le-Fort ilikuwa imetayarishwa kwa njia ya Chamberland, tofauti na ile aliyoufanya umma uamini. Kondoo walipona kweli, lakini lebo ilikuwa na jina lisilo sahihi. Huenda ndiyo maana alisisitiza sana Chamberland apewe utepe. Hilo ni wazo langu tu.

Uzeeni alipenda kurudi Arbois kila kiangazi. Mwaka wa 1874 alikuwa amenunua shamba dogo la mizabibu karibu na mji huo, akawa analitumia kwa majaribio. Alifunika baadhi ya matawi ili hewa na vumbi visiyafikie, akaonyesha kwamba zabibu zilizofunikwa hazikuchachuka zilipokamuliwa, kwa sababu hamira haikuwa imezifikia. Jirani yeyote aliyepita aliona zabibu zimevishwa nguo. Mwaka wa 1895, miezi kadhaa kabla ya kufa, Ujerumani ilitaka kumpa nishani. Vita vilikuwa vimekwisha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Alikataa.

Alifariki tarehe 28 Septemba 1895 nje kidogo ya Paris. Alizikwa katika chumba cha chini ya ardhi ndani ya taasisi yake, na kuta za chumba hicho zimepambwa kwa picha za vijiwe vya rangi zinazoonyesha kazi zake. Wapo kondoo, wapo mbwa, ipo miforosadi inayoliwa na viwavi wa hariri. Upande mmoja imechorwa mizabibu yenye vichala vizito, iliyopanda juu kuelekea dari.